Dada Adija na Mwiko wa Tatu

Dada yangu Adija alianzisha dini akiwa na miaka sitini na mmoja, tena akaianzishia kwenye ukumbi wa nyumba yetu ya urithi, bila kuniuliza. Alhamisi moja alasiri nilirudi kutoka kupulizia mikorosho salfa, macho yananiwasha, nikapita pale, nikakuta watu tisa wameketi mkekani wamejifunika kaniki vichwani. Katikati yao kuna bakuli jeupe la maji, ubani unafuka, na dada anaongea kwa sauti ambayo si yake. Nikatoa salamu. Hakuna aliyeitikia. Kisha mmoja wao, Hussen fundi baiskeli, akaifunua kaniki upande wa jicho moja akaninong'oneza, "Katibu, kaa."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimeshachaguliwa kuwa katibu.

Kosa langu lilikuwa moja, kuwa na mwandiko mzuri. Miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa mzani kwenye chama cha msingi cha korosho, na kwa watu wa Rutamba mtu aliyewahi kushika kalamu mbele ya mzani hastaafu. Kamati ya shule, kamati ya kisima, kamati ya msikiti, zote zimenipitia. Nimeandika mihtasari ya watu wazima wakigombania kamba ya ndoo. Majini sikuwahi kuyaandikia muhtasari, lakini kama walivyosema wahenga, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Ili mtu aelewe hasira yangu inabidi amjue dada yangu. Adija ni mtoto wa kwanza wa mama yetu, mimi ni wa mwisho, na walio katikati walishatangulia mbele ya haki. Ameolewa mara mbili. Mume wa kwanza alikwenda Mtwara kutafuta kazi na mpaka leo anaitafuta. Wa pili alimwacha mwenyewe, kwa sababu alikuwa anakoroma na alikuwa mwongo. Adija husema angekuwa na kasoro moja tu angemvumilia. Hakuzaa. Ana mikorosho yake, ana shamba la mtama na mbaazi, ana ulimi ambao hata mbuzi wa jirani wanauheshimu. Na tangu ana miaka ishirini ni mwosha maiti.

Kazi hiyo alirithishwa na bibi mmoja wa ukoo, aliyemchukua kwenda kumshikia birika, akamwona hatetemeki, akasema huyu ndiye. Toka siku ile, akifa mwanamke hapa Rutamba, kabla mumewe aliyeko shambani hajapelekewa habari, Adija keshafikiwa. Ataacha chakula, ataacha jembe mtaroni, ataacha mgeni sebuleni. Akimaliza anarudi kwake, anaoga, anakula wali sahani mbili, na ole wake atakayempa pole. Maiti haulizwi sanda, lakini hata mwosha naye alikuwa haulizwi kitu. Hakuna aliyewahi kumwuliza amelalaje. Mimi ndugu yake sikuwahi.

Sasa, chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo, kilichopakana na ule ukumbi wenye ubani, alikuwa amelala mama yetu, Bi Esha. Alikuwa kitandani tangu masika ya mwaka juzi, miguu imekufa, akili imekaa sawasawa. Na mama alikuwa na neno lake moja, ambalo tangu tuko wadogo alilisema mbele ya kila mtu, kwenye harusi na kwenye hitima: "Nikifa asiniguse mtu ila Adija. Sitaki mikono ya watu kunipekuapekua." Kijiji kizima kilikuwa kinalijua. Mwanamume hamwoshi mama yake wakati wanawake wapo, kwa hiyo mimi sikuwa katika hesabu. Alikuwepo Adija basi.

Ndiyo maana Alhamisi ile, nilipoketi na kupewa daftari nikaambiwa niandike miko ya kikundi, niliandika miwili kwa kucheka moyoni na wa tatu ukanikausha mate.

Mambo yenyewe yalimjia Adija, kwa maelezo yake, shambani kule karibu na ziwa. Alisinzia chini ya mkorosho baada ya kupalilia, akatokewa na mwanamke mrefu, nywele zimelowa, anaitwa Sharifa. Sharifa akamwambia akusanye watu kila Alhamisi, wajifunike kaniki, watazame maji, na kila mtu aseme alichokiona. Akampa na miko. Wa kwanza, mwanachama asile pweza. Sisi wa bara huku pweza tunamwona mara ngapi? Wa pili, asipige mluzi ndani ya nyumba. Sawa. Wa tatu, mwanachama asiguse maiti, asisogelee kaburi, asile chakula cha matanga.

Niliweka kalamu chini.

"Dada, huo wa tatu umeusikia vizuri?"

"Nimeusikia."

"Na mama?"

"Andika, Nurdin."

"Nakuuliza, mama ataoshwa na nani?"

"Mimi siulizwi, naagizwa. Andika."

 Upande wa pili wa ukuta mama akakohoa. Nikaandika, na nimejilaumu sana kwa kuandika, maana karani akishaandika neno watu hulichukulia limetoka mbinguni.

Baada ya hapo ndipo nilipojua kwamba kuanzisha dini ni kazi ya kijinga kuliko kuanzisha chama cha korosho. Kwenye korosho angalau mnajua mnagombania nini. Wiki ya pili walitumia alasiri nzima kubishana nani aketi upande wa kibla wa bakuli. Wiki ya tatu Hussen akadai kwamba na yeye ameanza kupandisha, jini wake ni mwanamume, anatoka Kilwa, na anataka cheo. Nikamwuliza cheo gani. Akasema naibu. Nikamwambia jini hawezi kuwa naibu wa jini mwenzake bila kikao. Nilisema kwa kejeli, wao wakaitisha kikao. Wengi wape, jini wa Hussen akapita kwa kura saba, na mimi nikaandika muhtasari.

Halafu Hussen huyohuyo akafungua kundi la WhatsApp. Jini wake akawa anatuma ujumbe wa sauti saa za chakula cha mchana, anakoroma kwa Kiarabu ambacho hata mtoto wa madrasa angekisahihisha. Tomaso, Mkatoliki wa Kimatumbi aliyehamia hapa kulima ufuta, akauliza kwa adabu kama anaweza kuja na rozari yake chini ya kaniki. Dada akasema Sharifa hana neno. Kesho yake mwingine akauliza kama anaweza kuja na redio. Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kinaniuma, mke wangu Shamimu ananiuliza leo mmeona nini, namjibu tumeona upuuzi.

Imamu wetu alinifuata baada ya sala ya adhuhuri. Ni mtu mstaarabu, hapayuki.

"Nurdin, hii ni shirki."

"Najua, sheikh."

"Sasa?"

"Sasa ni dada yangu."

Akanipigapiga begani, akaenda zake. Hakunisaidia kitu.

Mtendaji wa kijiji naye akasema watu hawawezi kukusanyika kila wiki bila kikundi kutambuliwa. Nikapanda basi mpaka Lindi, nikazunguka na bodaboda ofisi hadi ofisi, mwishowe nikafika kwa binti mmoja mpole aliyenipa kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kikundi chenu kinajishughulisha na nini? Kilimo, ufugaji, ushonaji?"

Njia nzima nilikuwa nalifikiria swali hilo na bado lilinikuta mikono mitupu. Ningemwambiaje mtoto wa watu kwamba tunatazama maji? Nikasema, "Utamaduni." Akaandika: ngoma. Nikaona ni sawa, nikashukuru, nikalala Rasbura, mlemle mjini, kwa binamu yangu nikiwa nimeridhika na akili yangu.

Wiki mbili hazijapita, mtendaji akaja mbio. Kuna mgeni anakuja kufungua darasa jipya, na kikundi cha ngoma cha Rutamba kimepangwa kutumbuiza. Hatukuwa hata na kigoma cha kuchezea watoto. Dada akasema Sharifa hachezi. Mtendaji akasema jina limeshaandikwa kwenye ratiba. Siku ilipofika watu kumi na wanne wakaingia uwanjani na kaniki zao, wakasimama duara mbele ya mgeni rasmi, kimya, dakika tano nzima, wameinamisha vichwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Walipotoka mgeni akapiga makofi, akauliza ngoma hiyo inaitwaje. Hussen akajibu, "Kimya." Makofi yakaongezeka. Tukaombwa tuje na Nane Nane.

Lakini haya yote ningeyameza. Kilichonikaa kooni ni mama.

Kila asubuhi Adija alikuwa anamhudumia vilevile kama zamani. Anamwogesha, anamgeuza, anampaka mafuta mgongoni pasitoke vidonda, anamnywesha uji wa mtama kijiko kwa kijiko. Sijawahi kuona mikono yenye subira kiasi kile kwa mtu mwenye ulimi kama wake. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama mlangoni, mama akamshika mkono.

"Adija. Neno langu unalikumbuka?"

Adija akamfuta mdomo. "Kunywa uji, mama."

"Nakuuliza."

"Unapoa, mama. Kunywa."

Mama akanitazama mimi.  Adija alipotoka nje nikamfuata mpaka kwenye kichanja cha vyombo, nikamwambia maneno ambayo mdogo hamwambii dada yake. Nikamwambia huyo Sharifa wako ni jini gani anayemnyang'anya mzee wa watu neno lake la mwisho. Nikamwambia kama umechoka kuosha, sema umechoka, watu watakuelewa, usitusingizie majini. Alisugua sufuria mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Alhamisi usichelewe. Wanachama wapya watatu."

Walikuwa wanaongezeka, ndilo lililokuwa linanitia wazimu. Dini yenye mwiko mzito namna ile, kwa watu kama sisi ambao usipokwenda kwenye msiba wa mwenzio na wako utazika peke yako, nilitarajia isimalize mwezi. Ikafika watu ishirini na watatu, mimi katibu sihesabiwi.

Kwa kuwa nilikuwa nimekata tamaa na dada, nikamgeukia mke wangu. Shamimu alikuwa hajawahi kuosha. Alikuwa anaogopa hata kukesha na maiti. Lakini ndiye mkwe, na mama alikuwa anampenda. Nikamwomba ajifunze. Akalia kwanza, kisha akakubali. Na aliyemfundisha ni nani? Adija mwenyewe, kwa mdomo, ameketi mbali na mkeka kama mtu anayeogopa kulowa, akimwelekeza juu ya mto uliofungwa kanga: huku kwanza, kulia, usimfunue, mkono uzungushie kitambaa. Nilipowaona nilitoka nikaenda kupiga teke ndoo.

Mama alituaga Ijumaa, jua limeshatoka, akiwa ameegemea bega la Adija, nusu ya uji iko kwenye bakuli. Adija akamlaza, akamfumba macho kabla hajapoa, akashuka kitandani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Kuanzia hapo hakumgusa tena.

Wanawake wakaja. Wakamtazama Adija, wanasubiri aingie. Adija akaenda kuketi nje ya chumba, upande wa pili wa ukuta, kwenye kigoda. Nilimsikia mtu akisema, "Bi Adija, maji tayari." Akajibu, "Mwiteni Shamimu."

Shamimu akaingia, Fauzia jirani yetu akamwagia maji. Sisi wanaume tulikuwa uani, lakini sauti ya dada tuliisikia wote. Aliongoza kila kitu kupitia ukutani, kavu, bila kutetereka. Kulia kwanza. Sasa kushoto. Sasa maji ya mkunazi. Mwinue taratibu, kichwa kiegemeze. Kafuri mwisho. Kuna wakati Shamimu alikatiza akaanza kulia, na dada akamwambia, "Endelea, wifi. Usimwache na baridi." Mwisho akauliza, "Nywele umemsuka mafungu matatu?"

"Matatu, wifi."

"Umeyarudisha nyuma?"

"Nimeyarudisha."

 Mimi nikainuka nikaenda mbele yake, mbele ya kadamnasi yote, nikasema, "Mama alikuomba kitu kimoja tu." Hakuinua uso. Wazee wakanishika wakaniketisha.

Makaburini ikawa aibu juu ya aibu. Wanachama wangu ishirini na wawili, watu niliowaandika majina kwa mkono huu, walisimama nje ya uzio, kwenye mikorosho, wanachungulia. Vijana wa jembe walipungua, na wazee ikabidi washike makoleo. Tomaso aliokota jembe mara mbili, mara mbili akaliweka chini. Nilimshusha mama kwenye mwanandani nikiwa namlaani mtoto wake, na hilo namwomba Mungu anisamehe.

Matanga yakaisha. Adija hakula punje. Mimi sikusema naye wiki tano, lakini kila Alhamisi nilikwenda kuandika, kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na sisi wengine tukiahidi tunatimiza. Nililisema hilo kwa sauti ili alisikie. Sharifa mwenyewe alikuwa haji tena. Dada aliketi tu chini ya kaniki, watu wakitazama maji na kusimulia ndoto zao za nyoka na mafuriko, jini wa Hussen akijaza nafasi.

Balaa jingine likaanzia kwangu. Kijiji kilishaona kwamba Shamimu anajua kuosha. Akafa mke wa muuza samaki, wakamwita Shamimu. Akafa mtoto wa kike wa mwalimu, wakamwita Shamimu. Akafa bikizee mmoja wa ng'ambo ya ziwa, wakaja na pikipiki kumchukua. Alikuwa anakwenda, hawezi kukataa, si mtu wa kukataa. Lakini akirudi anaoga mara tatu, ngozi ya vidole imekunjamana. Akaacha kula nyama. Mjukuu wetu akimkimbilia, Shamimu ananyoosha mikono, kisha anairudisha. Nikamwuliza, "Unaogopa maiti?" Akasema, "Wala. Ningeogopa ningekwambia." Zaidi ya hapo hakusema, na mimi, ambaye nilimwona dada yangu miaka arobaini sikumwuliza, sikujua namna ya kumwuliza mke wangu.

Alhamisi iliyofuata tuko ukumbini, vichwa vimeshafunikwa kaniki, Fauzia akaingia anahema, kanga imemwanguka begani.

"Kaka Nurdin, namtaka Shamimu. Mama yangu ametutoka."

Tukasema wote, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nikainuka. Nilitaka kusema Shamimu yuko nyumbani, kamwite. Kisha nikamkumbuka vile alivyokaa asubuhi ile mbele ya chai, anaitazama mikono yake.

"Shamimu haendi," nikasema.

"Haendi?"

"Ana mwiko."

Lilitoka lenyewe. Vichwa vyote chini ya kaniki vikanigeukia. Mimi Nurdin, niliyekuwa nacheka dini hii kila nilipoiandika, nimemfukuza mfiwa mlangoni kwa mwiko wa dini hiyohiyo.

Fauzia akatuangalia mmoja mmoja. Hakupaza sauti. "Basi mama yangu ataoshwa na nani?"

 Ubani ukawa unafuka tu. Kisha dada Adija akajifunua kaniki, akaikunja mara nne, akaiweka mkekani.

"Maji mmechemsha?"

"Bado, Bi Adija."

"Kachemsheni. Nakuja."

Hussen akaruka. "Bi Adija! Sharifa atasemaje?"

"Sharifa keshaondoka. Aliondoka siku tuliyomzika mama."

Akatoka. Nilimfuata uani, na siku zote za maisha yangu sijawahi kuwa na hasira kama ile. Nikampigia kelele kama mtoto. "Dada! Mama yako mwenyewe umemwacha, unakwenda kumwosha wa Fauzia?"

Alikuwa anajifunga kanga kiunoni, anaikaza. Akageuka.

"Mama za watu wote hapa nimewaosha, Nurdin. Bibi yetu nimemwosha. Dada zetu wawili waliokufa nimewaosha mimi, wewe ulikuwa shuleni Lindi. Unajua ikishakuwaje? Ukishamwosha mtu humwoni tena akiwa mzima. Kila ukimkumbuka unamwona pale tu, juu ya kitanda cha kuoshea. Hacheki, hasemi. Dada zetu walikuwa wanaimba vizuri, watu wananiambia. Mimi sikumbuki."



"Mama sikutaka nimpoteze hivyo. Ningesemaje? Neno lake kila mtu anajua. Ningemwambia mama, mimi sitaki? Ningewaambia watu nini? Nilimlilia Mungu mwaka mzima, nikiwa shambani, peke yangu. Akaja yule. Sikudanganya, Nurdin, alikuja kweli." Akafuta uso kwa ncha ya kanga, haraka, kama mtu anayefukuza nzi. "Sasa mama namwona anakunywa uji, ananisumbua. Waliobaki hawa wote nitawaosha. Kamwambie Shamimu apumzike."

Akaenda, kwa mwendo wake uleule wa miaka yote, anamfuata Fauzia kwenye njia ya mihogo. Nilisimama pale uani nikitaka kumwita nimwombe radhi, mpaka akapotea kwenye mihogo. Mke wangu alikuwa anampenda mama kuliko wakwe wengi wanavyopendana, na mimi ndiye niliyemwomba aingie mle chumbani. Nimemnyang'anya mke wangu sura ya mama akiwa hai, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikijiona nina akili.

Niliporudi ukumbini walikuwa wamejifunua wote, wamekaa kama abiria walioachwa na basi. Mwanzilishi ameondoka, ruhani ameondoka, wamebaki na bakuli la maji na katibu. Hussen akauliza kama jini wake anaweza kukaimu. Nilitaka kuwatimua. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa, nizime ubani, nimwage maji, niwaambie kila mtu aende kwake akapalilie.

Tomaso akasimama, kaniki mkononi.

"Samahani, Katibu. Mimi baba yangu yuko kule Kipatimu, macho hayaoni tena. Nimebaki peke yangu wa kiume. Nyumbani huwa wananipigia simu, wanasema niwe tayari kumwosha." Akaikunjakunja kaniki. "Nilitaka kujua, mwiko wa tatu bado upo?"

Nikawatazama, ishirini na wawili. Nikawatazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwaandika.

"Upo, Tomaso," nikamwambia. "Kaa chini."